Nimekichomoa kikiwa bado kinatetemeka

Mwenzangu, acha unachofanya unisome.

Mjukuu wangu, yule mpiga picha, alizima kompyuta yake akaenda kuoga. Unanijua mimi na soketi, sitoki nyumbani kabla sijachomoa kila waya. Kioo kilikuwa cheusi tii, nikajua imeshalala.

Pembeni kuna kile kisanduku anachohifadhia picha, kimeungwa kwa waya. Kijitaa chake kinapepesa. Nikakishika, kinatetemeka kiganjani kama kifaranga. Kinatetemeka, mwenzangu, na mimi nikachomoa. Kikalia tik, kikanyamaza.

Ametoka bafuni, amekiunga tena, hakisomi. Picha za harusi nzima zimo humo, na hana kwingine alikoziweka.

Akampigia fundi, wote tunasikia. Fundi akasema, "Kioo kuwa cheusi siyo kuzimika. Kompyuta ikizimwa huviaga vyombo vyake kimoja kimoja, na hicho kilikuwa bado kinaandika. Nani amechomoa?"

Mjukuu akanitazama. Akasema, "Umeme ulikatika."

"Umekatika vipi, na feni naisikia inavuma hapo?"

Nikasema ni mimi, bibi yake. Fundi akasema, "Msikiwashe tena, bibi. Nileteeni, ila siahidi kitu."

Mjukuu angenifokea ningepumua. Hajanifokea. Kakaa tu sakafuni na taulo kichwani.

Sasa bibi harusi anapiga, na mjukuu amenisogezea simu. Inaita, mwenzangu. Namwambia nini mtoto wa watu?