Kuku chini ya benchi

Kasilda wee, uko wapi? Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na aibu bado iko usoni!

Leo Jeannine, mjukuu wangu anayesomea udaktari, alikuja na wenzake pale kituo cha afya Katumba kutufundisha sisi wagonjwa. Anasema kampuni za dawa zinawapa madaktari zawadi, halafu madaktari wanatuandikia dawa za kampuni hizo za bei kubwa wakati za bei nafuu zipo.

Daktari Wilbert kasimama mlangoni, amekunja uso. Na ndiye atakayempa alama za mafunzo! Mtoto anamwona, lakini anaendelea.

"Daktari asipokee zawadi!"

Hapo hapo kuku wangu akalia chini ya benchi. Kuku, Kasilda! Nilimletea daktari kama shukrani kwa kunitibu goti. Watu wote wakageuka.

"Bibi! Hata wewe?"

"Mimi siuzi dawa, mama. Nashukuru tu."

Benchi zima likaangua kicheko. Daktari akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono taratibu.

"Asante bibi, lakini leo simchukui. Mjukuu wako amesema kweli."

Kisha akamwambia Jeannine, "Kesho urudi, uwaambie hayo hayo madaktari wenzangu. Nitakaa mbele."

Mtoto akalia, nami nikalia!

Sasa kuku yuko jikoni kwangu na wanafunzi wote wako uani, wameshanawa mikono. Njoo upesi, hawa wanaokataza zawadi hawatabakiza hata shingo.