Springi ya Wifi

Jumapili, 2 Machi

Baba watoto alichukua baiskeli yangu asubuhi, eti kuijaza upepo. Imerudi na uma mpya wa mbele, mnene, wenye springi kama wa pikipiki. Zawadi! Ya nani? Ya wifi. Dada yake kanunua, fundi kafunga, na uma wangu wa chuma kabaki nao huyo fundi. Hakuna aliyeniuliza.

Eti wifi anaona nikifika kazini nakung'uta mkono. Eti mashimo ya barabara ndiyo yanayotia vidole vyangu ganzi. Kweli nilisema hivyo, karakana nzima ilisikia. Nilisema, sikuomba. Na wifi huyu ndiye anayeshonea mashine iliyo nyuma yangu, macho kwenye meza yangu ya kukatia kutwa nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hataki nipone, anataka nimshukuru.

Jumatatu, 3 Machi

Baiskeli ya hovyo. Nikikanyaga pedali springi inakula nguvu, inanesa tu. Kile kilima cha shule nilikuwa nakipanda nimekaa. Leo nimeshuka nikasukuma, mtu mzima na heshima zangu.

Na breki! Nikiishika, baiskeli yote inainama mbele. Mlinzi wa geti kaiona, kaitikia kwa sauti: marahaba. Basi. Kufika mchana karakana nzima inaiita Shikamoo. Mpiga pasi kasema ina adabu kuliko mwenyewe. Wifi hakucheka. Aliuliza tu kama mkono una nafuu. Nikamwambia sana.

Jumatano, 5 Machi

Humu naweza kusema. Njiani mkono haugongwi tena. Mashimo ya mbele ya soko nimeyapita kama napita juu ya godoro, na nimefika na vidole vyangu vyote. Imeniudhi mno.

Kisha nikakata sare za shule, kitambaa kigumu, tabaka juu ya tabaka. Kabla ya chai gumba halipo. Cha shahada hakipo. Mkasi ukaniponyoka, ukagonga sakafu, mashine ya nyuma yangu ikasimama. Nikasema kitambaa kina wanga mwingi. Mashine ikaendelea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi kudai uma wangu. Kashaufunga kwenye baiskeli ya muuza mikate! Nimemsema mpaka wateja wakageuka. Akasema, mama, tulia, hapo juu kuna kitufe. Ukikizungusha springi inalala, unakuwa mgumu kama ule wa zamani.

Nimekizungusha hapo hapo. Nikarudi kwa njia ya soko na sikukwepa shimo hata moja. Mkono ulipokufa ganzi nilifurahi: basi ni barabara. Mtu mwenye akili timamu anafurahia jambo kama hilo?

Jumatatu, 10 Machi

Imeletwa hariri ya bibi harusi. Kipande kimoja, hakina akiba, na dukani kimekwisha. Bosi kanikabidhi mimi mbele ya wote. Alhamisi anataka kiwe kimekatwa.

Karakanani kwetu mwenye chaki ndiye mwenye mkasi. Aliyechora ndiye anayekata, asije mtu wa pili kuingiza mkono kisha kosa likakosa mwenyewe. Na atakayeharibu kitambaa cha namna hii anarudi kwenye mashine, hata awe nani. Nimeona kwa macho yangu. Mimi mashine sirudi. Ile meza nimeihangaikia tangu sijaolewa.

Wakati wa kutoka wifi kanisogelea: leo Shikamoo haikuinama getini, umeifunga springi? Nikasema inanichosha. Akasema, aa. Hiyo "aa" yake ningeimezesha pini.

Jumatano, 12 Machi

Nimechora. Chaki haitaki nguvu, mistari imetoka safi kabisa. Mkasi sikuugusa. Nimesema nitakata kesho asubuhi, mwanga ni mzuri zaidi. Bosi kakubali.

Mezani baba watoto kauliza: springi ukiifungua, mkono unakufa? Nikasema unakufa. Ukiifunga je? Unakufa. Akatafuna kwanza. Basi siyo barabara, akasema, na kuongeza mchuzi. Nikamwambia ale anyamaze.

Kisha hodi. Wifi. Kakaa ukingoni mwa kiti, kangoja kaka yake aende kunawa, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Wifi, mimi nilijua ni mkasi. Mama yetu ulimla hivi hivi, akaacha kazi ya kukata akasingizia macho. Nilinunua ile springi uone mwenyewe. Ningekuambia kwa mdomo ungesema naitaka meza."

Ningesema. Nasema hata sasa!

"Kesho twende kabla hawajafika. Chaki yako, mkasi wangu. Hakuna atakayejua."

Na kesho kutwa, nikamuuliza. Akatazama viatu vyake.

Nimeingia chumbani, eti natafuta miwani. Kalamu nimeishika kwa ngumi kama mtoto wa chekechea. Namchukia. Namchukia kwa kununua, kwa kujua, kwa kusubiri, kwa kuongea taratibu kana kwamba mimi ni mgonjwa wake. Nikikata mwenyewe, hariri inakwenda. Akikata yeye, hariri inapona na mimi nakuwa wake, kila kitambaa, kila asubuhi, mpaka atakapochoka kunifichia.

Anaita kutoka sebuleni: "Wifi, nikupitie alfajiri, au nisikupitie?"

Baba watoto karudi, namsikia anauliza, umpitie mwende wapi?

Hajamjibu. Wote wawili wananisubiri mimi.