Kipindi cha Ijumaa Kimefutwa

Troyeville,
Johannesburg.
29 Septemba 2019

Mpendwa Kaka Dismas,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii iwakute wazima huko Morogoro, na goti la wifi liwe limepata nafuu. Dawa anameza kweli, au bado anazikwepa? Sisi huku wazima wa mwili. Moyo wangu ndio hauko sawa, na nimeona nikuandikie maana kwenye simu ningelia tu.

Nilishakusimulia kile kipindi cha Ijumaa tulichokianzisha mimi na mwalimu mwenzangu Nomsa. Kila mtoto alikuwa anafundisha wenzake lugha ya kwao, kisha tunazungumza jinsi ya kuishi pamoja, haki ya kila mmoja na wajibu wake. Ugomvi uwanjani ulipungua kabisa.

Kulikuwa na binti wa Kikongo, Arlène. Mwanzoni alijifanya hajui Kiswahili. Nikimsalimia ananijibu Kizulu. Basi mwezi wa nane akasimama mwenyewe mbele, akalifundisha darasa zima kusalimia na kuhesabu. Walivyomshangilia! Mama yake, Murielle, msusi hapa mtaani, alipopata habari alikuja shuleni kunikumbatia.

Kaka, fujo za mwezi huu za kuwashambulia wageni mmeziona kwenye televisheni. Saluni ya Murielle imechomwa. Wenyewe walinusurika kwa kujificha kwa jirani.

Wiki ile ile wazazi wakaitwa kikaoni. Baba mmoja akasema, "Watoto wetu hawakuja hapa kusomeshwa lugha za wageni." Wengine wakapiga makofi. Nomsa akainuka, akasema: "Eish, jamani! Huyo Arlène mnayemwita mgeni anakijua Kizulu kuliko mwanangu." Wakamzomea, yeye Mzulu mwenzao. Mwalimu mkuu akaogopa, akafuta kipindi. Tangu marehemu shemeji yako anilete huku kwao, sikuwahi kujiona mgeni kama jioni ile.

Ijumaa iliyofuata nikafundisha hesabu. Hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini. Hilo liliniuma kuliko yale makofi.

Kabla hatujafunga shule, Murielle alikuja na Arlène kuaga. Wanarudi Lubumbashi, mji ambao mtoto hajawahi kuuona. Niliwasindikiza hadi nje ya geti, nikamshika Arlène mkono, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, nenda salama."

Akatazama huku na huku barabarani, akaninong'oneza kwa Kiingereza: "Mwalimu, tafadhali, usiniongeleshe hivyo hapa nje. Watatusikia."

Tukaagana kwa kupungiana mikono tu.

Nomsa anasema shule zikifunguliwa tumwombe tena mwalimu mkuu. Nitakwenda naye, ingawa sijui nitasema nini.

Nisalimie wifi, Tabia na mumewe, na mama Zubeda hapo jirani. Mungu aitunze nyumba yenu yote, na yule mtoto amfikishe salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka sana,
Hedwiga