Kerezo la Babu, Kiwiko cha Bibi

4 Februari

Mume wangu mdogo,

Pokea salamu za mke wako wa kwanza, yule aliyebakiwa na meno machache lakini mdomo bado anao. Natumaini kiwanda hakijakumaliza mwili na kwamba unakula. Mimi mzima, ukiondoa bega la kulia, ambalo siku hizi halinipi nafasi ya kulala.

Nakuandikia usije ukasikia kwa watu. Fundi Vitanda amekuja kuangalia kerezo la babu yako, akawasha mota, akalitazama linavyozungusha mti. Analitaka, nami nimemwambia arudi mwezi wa sita, nikishamaliza miguu ya viti niliyowaahidi watu. Usinikasirikie. Patasi zimekwisha kwa kunolewa. Nakereza mguu mmoja, makali yanakufa. Nashuka, naenda kwenye jiwe la umeme, nanoa, napanda tena sanduku langu, nasukuma. Patasi butu husukumwa kwa bega, na bega limechoka. Tangu babu yako atutoke, kerezo hili ndilo lililonipa sababu ya kuamka asubuhi. Lakini naona limenishinda.

Bibi yako


19 Februari

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo, na nakula mpaka wenzangu wananiita Sufuria. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Usiuze kwanza, nakuomba.

Hapa kiwandani tuna msumeno mkubwa wa umeme unaokata vyuma vinene. Bapa lake likiisha meno hutupwa kwenye pipa la chuma chakavu. Chuma chake si kama cha patasi za Babu. Hata kikipata moto mpaka kikabadilika rangi, hakilegei, na makali yake yanakaa. Nimemwomba msimamizi, akasema, "Chukua, na huyo bibi msalimie." Nitakutengenezea patasi ya kukwangulia.

Nitumie vipimo vyako. Simama bila viatu, weka ncha ya uzi sakafuni, funga fundo usawa wa kiwiko. Uzi wa pili uanzie kiwikoni uishie kiganjani. Kuna mzee hapa aliyewahi kukereza mbao, na ameniambia mpini haukisiwi, unapimwa kwa mwili wa mwenyewe.

Mjukuu wako


2 Aprili

Shikamoo Bibi,

Hujambo wewe, na bega je? Nyuzi nimezipata, pamoja na malalamiko yako kwamba unapimwa kama unayeshonewa gauni la harusi. Mbona harusi yetu bado?

Patasi ndiyo hiyo. Tupa iliteleza juu ya lile bapa kama juu ya kioo, ikabidi nilikate kwa diski ya kukatia chuma. Cheche zake ni nyekundu, zimefifia, si zile nyeupe za kupasukapasuka tulizozoea bandani kwako. Mpini nimeukereza mwenyewe kwenye mashine ya chuma. Najua unafanana na muhogo, usiwaonyeshe watu.

Sasa sikiliza. Jana nilisimama bila viatu nikajipima na uzi wako. Fundo lako limeishia shubiri nzima chini ya kiwiko changu. Na wewe husema siku zote kwamba urefu huu nimeuchukua kwa Babu. Bibi, Babu alijijengea kerezo usawa wa kiwiko chake yeye. Wewe miaka yote umepanda sanduku, huna hata nafasi ya kusogeza mguu ukafuata patasi. Ndiyo maana kazi yote inalielemea bega. Kata miguu ya kerezo. Shubiri moja tu.

Mjukuu wako


21 Aprili

Mjukuu wangu,

Mimi sijambo. Patasi yako imekufa.

Siku ya kwanza nilikereza miguu miwili bila kunoa hata mara moja, nikaimba. Kesho yake nikaipeleka kwenye jiwe, ncha ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji kama babu yako alivyonifundisha, kwa sababu chuma kikiungua ndio mwisho wake. Ikalia ka! Nilipoigusisha kwenye mti, ncha ikaruka. Nilikaa kwenye sanduku nikaitazama, nikasema basi, hata zawadi ya mtoto nimeshindwa kuitunza.

Kuhusu miguu. Babu yako aliichonga kwa mkono mwaka tuliooana, mimi nimemshikia taa. Kuliuza kerezo zima naweza, litakwenda kwa mtu likiwa vilevile alivyoliacha. Kulikata siwezi. Usiniandikie tena habari hiyo.

Bibi yako


5 Mei

Shikamoo Bibi, na shikamoo nyingine ya kuombea msamaha,

Hukuiua wewe. Chuma hiki hakitaki maji. Kikipata moto kiweke mezani kipoe chenyewe, wewe kunywa chai. Nililijua hilo, nikasahau kwamba mkono wako unafika kwenye ndoo kabla hujafikiri.

Nakutumia nyingine. Safari hii sikuweka mpini. Wewe ndiye mkerezaji, mimi nimeshajiaibisha vya kutosha.

Habari ya miguu sitairudia. Nasema hili tu: nakupenda wewe kuliko miti ile, na nadhani Babu pia.

Mjukuu wako


30 Juni

Mume wangu mdogo,

Salamu nyingi, na ujue sijafa. Nilikuwa nimekununia. Hata uzee haujaniponya tabia hiyo.

Kisha patasi yako ikafika uchi. Nikatafuta kipande cha mti mgumu cha kuivalisha, banda zima hakuna. Macho yakawa yanakwenda kwenye miguu ya kerezo, nayaondoa, yanarudi. Siku tatu hivyo. Mwisho nikamwita jirani na mkewe, tukafungua mota, tukalilaza kerezo ubavu. Kukata nilikata mwenyewe. Nililia, sikufichi, mpaka jirani akadhani nimejikata. Ndani ule mti ulikuwa bado mwekundu kama usiku ule wa taa.

Kipande kimoja ndicho mpini wa patasi yako. Ni mfupi, na mimi ni mfupi, tunaelewana. Sasa nasimama chini, mwili wote unakwenda na patasi, maranda yanaruka mpaka mlangoni. Nikishanoa nakunywa chai, kwa hiyo sukari inakwisha haraka. Bega bado linasema, ila linanong'ona. Sanduku nimelifanya kiti.

Juzi Fundi Vitanda akaja na kamba na mkokoteni. Unamjua alivyo mrefu. Akasimama mbele ya kerezo, akainama, akainama tena, akajishika kiuno.

"Mama," akasema, "sasa hii mashine ya nani?"

"Yangu," nikamwambia.

Bibi yako