Aliyesikia kwa Nyayo

Babu yangu uliyelala kulia kwa nyumba,

Najua hukujifunza kusoma. Usijali, hata ungekuwa hai barua hii ningekusomea mimi mwenyewe, maana Gesima nzima yuko nani mwingine? Darasa la tatu nililiacha njiani, lakini wake za watu waliokwenda kuchuma chai Kericho huniletea barua zao niwasomee, na barua ikiwa fupi naiongezea salamu. Ulikuwa ukiwaambia wageni, "Huyu ana kalamu na mdomo, kazi tu ndiyo hana." Wakicheka, nami nacheka. Basi leo kazi ninayo. Nakuandikia habari za Omogaka, mbwa wako.

Unakumbuka siku tulipomwendea. Owino, yule mpishi mtu wa ziwani uliyezoea kumpelekea kuku mjini Kisii, alikwambia mzungu wake, yule aliyesimamia ujenzi wa barabara, anarudi kwao. Mbwa wake amezeeka, jicho moja limefunga ukungu, masikio yamekufa, na askari ameshaambiwa ampige risasi. Mtu mwingine angesema pole. Wewe ulichukua fimbo. Njia nzima nikakuchokoza: mbwa asiyemsikia fisi atatulinda na nini, na harufu yake? Tulipofika Keumbu ukasema, "Mimi pia sichungi tena wala silimi. Nitupe na mimi." Nikakujibu kwamba wewe angalau unajua hadithi. Ukanigonga muundi kwa fimbo, kidogo tu.

Kurudi, miguu yake iliisha kabla ya yetu. Nikambeba mabegani, na kila tuliyekutana naye akauliza kama hiyo ndiyo nyama ya harusi yangu. Wewe ulicheka hadi ukakohoa. Kile kikohozi, Babu, ndicho kilichokuja kukuchukua, nasi tulidhani ni kicheko.

Jina la kizungu alilokuja nalo ulilikataa. Ulimwita Omogaka, mzee, ukasema mwenye mvi haitwi kama mtoto. Kumwita kwenyewe sasa! Sisi tulipiga kelele, tulipiga miluzi, shangazi Kemunto akapiga sufuria. Mbwa akalala. Ukatuondoa, ukasimama katikati ya uwanja, ukapiga kisigino chini mara mbili, kwa nguvu, kisha ukamtupia tonge la ugali wa wimbi. Ulirudia siku nyingi, mpaka watu wakasema mzee amerukwa na akili, anapigana na ardhi. Asubuhi moja ukapiga kisigino, na Omogaka aliyekuwa nyuma ya ghala akanyanyuka, akaja moja kwa moja, akakaa mbele yako. Ukaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. "Huyu anasikia kwa nyayo," ukasema.

Ulipolala usiinuke, ulinitaka nimwite mimi, mbele yako. Nikapiga kisigino. Akaja kwangu. Nikajigamba kwamba nitamtunza mpaka meno yamwishe. Ukasema meno yameshaisha, niahidi kitu kingine. Kisha ukanishika mkono, na mkono wako haukuwa na uzito tena: "Usimwite bila kumpa kitu. Kiziwi akidanganywa mara moja, hana tena wa kumuuliza." Nikasema ndiyo, Babu. Wepesi wa kusema ndiyo ninao, hilo unalijua.

Sasa sikiliza, maana hili hakuna anayelijua.

Siku ya kukuzika, ng'ombe wa ukoo mzima waliletwa mbio uwanjani, kama inavyompasa mzee kama wewe. Vijana tulivaa njuga, tukashika mikuki, na aliyetangulia ni nani kama si mimi. Shangazi Kemunto alikuwa ameniambia asubuhi nimfunge mbwa katika kibanda changu, nifunge na mlango. Nikamcheka. Nikamwambia kiziwi hana habari ya matanga, hata ukimpulizia baragumu sikioni haamki. Nikamwacha amelala kwenye majani ya kibanda, mlango wazi, apate hewa.

Tukaanza kupiga miguu. Vijana wote kwa pamoja, visigino chini, mara mbili, mara mbili, hata vumbi likasimama. Nilikuwa napiga kuliko wote. Nilitaka hata watu wa sokoni Kebirigo wasimulie.

Akatoka kibandani, Babu. Pua chini, mkia unapepea. Alipita katikati ya watu na mikuki, hakumtazama mtu, akaja mpaka kwangu. Akakaa mbele yangu kama ulivyomfundisha, akainua uso wenye jicho moja, akangoja tonge.

Mafahali walikuwa nyuma yake. Mimi niliwaona. Alikuwa karibu nami kuliko kalamu hii na wino wake, kuinama tu ningemshika ngozi ya shingo. Niliruka pembeni. Yeye hakugeuka, maana mngurumo wote ule kwake ulikuwa ni kuitwa.

Vumbi lilipotulia, mzee mmoja akasema mbwa amemfuata bwana wake, ni jambo la heshima. Watu wakapokea. Nami nikapokea, Babu. Nimeisimulia hivyo sokoni Kebirigo, nikaongeza kwamba nilijitupa kumwokoa, nikawaonyesha kovu la goti nililolipata nikiiba mapera. Watu wamenisifu. Sifa ile nimeila na haishuki.

Ukweli ni kwamba ulisema nisimwite bila kumpa kitu. Nilimwita na ukoo mzima, nikampa kwato.

Nilimzika nyuma ya zizi, mwenyewe, wakanicheka kwamba namfanyia mbwa kaburi. Siku nyingi nilikuwa nikiupita uwanja kwa ncha za vidole.

Mwezi uliopita Owino aliniletea habari. Kuna mbwa jike mzee pale nyuma ya maduka ya Kisii, mguu wa mbele umekatwa na mtego, watu wanamrushia mawe. Aliuliza kama yule mzee wa mbwa bado yupo. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Kisha nikachukua fimbo yako.

Yuko kibandani sasa. Nilimbeba toka Kisii, na safari hii walioniuliza habari ya nyama niliwapita tu. Anaogopa watu, hata mimi. Masikio yake ni mazima, angeweza kufundishwa jina, na shangazi Kemunto ananiuliza kila siku nimemwitaje.

Sijamwita, Babu. Wakati wa chakula ukifika nachukua tonge, nakwenda mpaka pale alipo, nachuchumaa, nangoja yeye.

Ni mimi mjukuu wako, yule wa mdomo.