Hedifoni za Bei ya Mtamba

Kaka Lwitiko,

Nimezinunua. Zilezile hedifoni za dukani Iringa mjini, ulizokuwa ukizijaribu kila tukishuka kutoka Kihesa. Unazivaa, unafumba macho, mpaka mwenye duka anauliza, "Lwitiko, leo unanunua au umekuja kusalimia?" Nawe unamjibu, "Nasalimia tu, baba. Zikinizoea zitanifuata zenyewe."

Mama hajanisamehe. Kwa bei ile ningepata mtamba wa maziwa, na kila akiniona nimezivaa anauliza, "Ng'ombe wako leo katoa lita ngapi?" Nacheka, halafu nakukumbuka, na kicheko kinaishia hapo.

Nikuambie ukweli, sikuzinunua kwa ajili ya kazi. Kazi uliyonifundisha ya kurekodi kwaya inakwenda vizuri tu na hedifoni zako za zamani, zile ulizozifunga kwa mpira wa baiskeli. Ila tangu tulipokuzika kwenu Uyole sijaisikia sauti yako. Kwenye simu uliandika tu; ulisema sauti yako ni ya kufukuzia nyani shambani. Lakini kwaya ikikolea ulikuwa hujiwezi, unaungana na waimbaji wa besi ukiwa nyuma ya mitambo, na tukikaa kusafisha rekodi unaniambia, "Tumaini, anza kunifuta mimi." Nakufuta. Kisha vikohozi, kisha mabenchi yanayolia. Rekodi ya mwanzo, ile isiyosafishwa, nayo tunaitupa ili tupate nafasi ya kwaya nyingine.

Zile zako zinavuma kidogo upande wa kushoto. Kaka, kwa miezi nimeushikilia ule mvumo nikiamini ni wewe, kwamba kuna kipande chako nilikisahau. Nikajiambia, hizi za bei mbaya zitakitoa.

Nikaweka kwaya ya Idodi, ile tuliyoirekodi pamoja. Ni kweli zina thamani yake, tusizionee. Kwenye zako waimbaji wote wamesongamana mlangoni. Humu kila mtu ana mahali pake, ningeweza kukuonyesha kwa kidole alikosimama yule mama wa sauti ya kwanza. Nikasubiri ubeti wa pili, ule ambao hukuweza kuuvumilia bila kuimba. Ukafika, ukapita. Hukuwemo. Wala mvumo haukuwemo. Nilikufuta vizuri sana, Kaka, ungenisifu.

Nililia mpaka Mama akaja mbio. "Zimeharibika? Warudishie wenyewe!" Nikamwambia ni nzima, Mama, ni nzima kabisa.

Sasa sijui nilinunua nini. Zako zilinidanganya bure na nililala vizuri. Hizi zimeniambia ukweli kwa bei ya mtamba, na ninakutamani kuliko siku ya msiba.

Jumapili nilirekodi kwaya moja hapa Kihesa. Kuna mzee wao wa besi, anaanza kabla ya wenzake na kumaliza baada yao. Mwalimu wa kwaya kaninong'oneza, "Dada, huyo mpunguze." Nimempunguza, maana kazi ni kazi. Lakini rekodi ya mwanzo, yenye makosa yake yote, nimeitunza na kuiandika jina lake.

Nakuahidi nitafanya hivyo kwa kila mtu. Siku watoto wake watakapokuja kuuliza, watamkuta. Mimi kwako nilichelewa. Nisamehe, Kaka, na upumzike.

Tumaini