Ami Hataki Tanzia Yake Isahihishwe

Amu, Shawwal 1330

Mpendwa Bi Umulkheir,

Naomba unishike mkono katika ukurasa wako wa mashauri gazetini kabla likizo yangu haijakwisha, maana nikirudi Unguja nimeharibikiwa na nikibaki hapa nti yetu ya Amu nimeharibikiwa vile vile. Jina langu Jeilani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha uandishi wa magazeti kule Unguja, na kuandika ndiyo kazi pekee niipendayo duniani, na sasa nimo mbioni kuikosa kwa sababu ya kifo cha ami yangu, Bwana Obeid, ndugu wa baba aliyenilea, ambaye hakufa.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu Yunusi alitufundisha kuandika tanzia, akataka kila mmoja ajaribu moja ya mazoezi juu ya mtu anayemjua, tena iwe na mambo ya kuonekana kwa macho, si sifa tupu, nami nikamchagua ami kwa kuwa ndiye nimjuaye zaidi, nikaandika kwamba alikuwa mpole, hakupata kumpandishia mtu sauti, na kwamba mkewe, Bi Mwanamkisi, alipolala na homa Ramadhani nzima ya mwaka jana, yeye ndiye aliyemchotea maji na kumnywesha kwa mkono wake. Homa ilikuwa ya kweli, Bi Umulkheir, maji niliyatunga. Ami hajui hata mtungi wa nyumba yake unakaa wapi, na akimkemea paka, watu wa forodhani husikia. Lakini nilipomaliza kusoma mbele ya darasa, Mwalimu Yunusi alikuwa anatokwa na machozi, amesahau kabisa kwamba ni mazoezi, akasema Inna lillahi, akainua mikono, akaanza Fatiha, na darasa zima likainua mikono. Sasa nakuuliza wewe mtu mzima, Fatiha hukatizwa vipi? Nikainua na yangu. Ilipokwisha wakaja kunipa pole mmoja mmoja, nami nikawa nawajibu kwamba sote ni waja wa Mwenyezi Mungu, jambo ambalo si uongo, na wiki ile ile tanzia ikachapwa katika gazeti la chuo.

Yaliyofuata nilisimuliwa nilipokuja likizo. Gazeti lilifika Amu wakati ami yuko Faza kwa shughuli za minazi yake, kwa hiyo hakukuwa na wa kubisha, watu wakaweka matanga, Bi Mwanamkisi akaingia eda, na siku ya khitma ndiyo siku aliyorudi ami, akakuta baraza lake limejaa watu wanasoma, na kwa kuwa si adabu kuuliza aliyekufa ni nani katikati ya kisomo, alivua viatu, akapewa juzuu, akaisoma vizuri sana. Waliomwona wanasema walidhani ni jamaa yake wa Siyu, maana wanafanana. Akala pilau, akanawa mikono, na ni kwenye dua ndipo alipolisikia jina lake mwenyewe, naye ameshaitikia amina mara kadhaa.

Nilitaraji bakora, Bi Umulkheir. Badala yake ami amelipenda lile gazeti. Kila alasiri anasomewa barazani, na msomaji akiruka pale pa maji anamrudisha nyuma. Mwalimu Yunusi naye amepata habari kwamba maiti yu hai, ameniletea maneno kwamba nisikanyage chuoni bila sahihisho la kuchapwa, linaloeleza wazi yapi niliyatunga. Nikamwambia ami. Akanitazama kwa utulivu ambao sijapata kuuona kwake, akasema, "Andika kuwa ni hai. Yale mengine ukigusa neno moja, masomo yako yamekwisha, utakuja Faza kukwea minazi."

Na kuna kubwa zaidi. Bi Mwanamkisi hataki kutoka eda. Sheikh amekwenda kumweleza nyuma ya pazia kwamba eda ya mume aliye hai haimo katika dini yetu, na kwamba mumewe ndiye huyo anayepiga kelele mlangoni. Akajibu, "Mimi namlilia yule aliyenichotea maji. Huyu anayegonga simjui." Ami sasa analala kwa jirani. Nikisahihisha, ami ananitoa chuoni, nisiposahihisha, mwalimu ananifukuza. Nifanyeje?

Jeilani

—

Jeilani,

Nimecheka, kisha nikajionea haya kwa kucheka, kisha nikakasirika, na nakujibu nikiwa bado nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Pole kwa ile Fatiha. Hapo kweli ulinaswa, na mimi mwenyewe nisingethubutu kuikata. Lakini Fatiha ina mwisho wake, mwanangu, tena si ndefu, na baada yake ulikuwa na siku za kutosha kumfuata mwalimu wako faraghani. Mdomo ulikuwa wapi? Ulikuwa unapokea pole. Uliona umewaliza watu kwa kalamu yako, ukapata ladha, ukaona usiiharibu. Ami yako naye ameionja ladha ile ile. Nyinyi ni damu moja, usijidai humwelewi.

Sahihisho utaliandika, wala usinitafutie ndia ya katikati. Andika kwamba Bwana Obeid yu hai, na kwamba upole na maji uliyatunga wewe, kwa jina lako kamili. Usiongeze kwamba ni mkali, hukutumwa kulipiza kisasi. Kabla ya kulipeleka, msomee ami yako mbele ya sheikh, ili akipiga kelele apige mbele ya mtu wa kumstahi. Na akikutajia minazi, mwambie kwa heshima zote kwamba iko siku atakufa kweli na atahitaji wa kumwandika, na siku hiyo kama wewe uko juu ya mnazi, ataandikwa na mgeni atakayepita nyumba kwa nyumba kuwauliza majirani. Nadhani atakuacha usome. Na kama hataki yale maneno yafutwe, basi kisima kipo na mkewe yu hai, ajue la kufanya. Mimi na yeye tumemalizana.

Sasa nije kwenye kosa lako kubwa, ambalo katika barua yote hiyo ndefu hukuligusa. Umeandika homa ya Bi Mwanamkisi, ukaipeleka mtamboni, Unguja nzima ikaisoma, na hukumwuliza. Homa ilikuwa yake, ewe mtu! Mwezi mgumu kama ule umemtilia mume wa kutunga, halafu unashangaa kwa nini analia. Na ulipokuja likizo hukwenda hata kubisha penye pazia lake. Maneno yake yote umeyapata kwa sheikh. Chuo gani kinafundisha hivyo? Ungekuwa mwanangu ningekunyang'anya kalamu mimi mwenyewe, nisingemsubiri mwalimu.

Mimi nami sikuthubutu kuichapa barua yako kwa neno lako peke yako, maana umeshajulikana. Nilimtuma binti wa ndugu yangu, Swafiya, aliyeolewa huko Amu, aende kwa Bi Mwanamkisi amwulize kama uliyoyaandika ni kweli na kama anatoa ruhusa yachapwe. Swafiya alidhani atapewa jibu la neno moja arudi kupika. Bi Mwanamkisi akasema ni kweli, na ruhusa ametoa, na kwamba tangu aolewe hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza jambo lake. Akamkalisha, na alasiri ikaadhiniwa wangali wanazungumza.

Aliyoyasema hakutaka niletewe mimi. Anamsubiri aliyeyaandika yale ya maji. Nenda leo, ubishe kwa adabu, na uchukue karatasi za kutosha.

Umulkheir